Nyumbani Tororo: Watasema amezeeka

JUMAMOSI

Mama (1:12 asubuhi)
Mmeamkaje wanangu. Huyu mbwa wetu Watasema leo ameshindwa kuinuka. Miguu ya mbele imesimama, ya nyuma ikateleza kwenye hii sakafu nyekundu, akaanguka. Mara tatu. Mara ya nne nimempitisha kanga tumboni nikamwinua nayo. Ameniangalia, halafu akageuza uso pembeni kama mtu mzima aliyeona haya.

Mama (1:14)
Na amekojoa sebuleni tena. Siku ya nne hii.

Owori (1:20)
Pole Mama. Pole na yeye.

Okoth (1:31)
Pole sana Mama. Lakini tuseme ukweli, wewe si wa kuinua mbwa wa kilo 20 na zaidi kila asubuhi. Kuna jamaa hapa Kampala, Ntinda, ana watoto wa mbwa wa Kijerumani, nimeshaongea naye. Krismasi nakuletea mmoja. Huyu mzee tumpumzishe.

Mama (1:33)
Kumpumzisha ndiyo kufanya nini, Okoth?

Okoth (1:35)
Daktari anamchoma sindano, analala tu. Si sumu, Mama. Sumu hata mimi siwezi.

Owori (1:40)
Mimi niko Malaba, jioni napanda boda nafika hapo. Niko na vidonge vyangu vya mgongo. Nimpe nusu kidonge apunguze maumivu?

Achieng (1:41)
USIMPE.

Achieng (1:41)
Owori tafadhali. Usimpe hata robo.

Owori (1:42)
Sawa dada, simpi. Kuna nini?

Achieng (1:50)
Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki Tiger wa kambini Jinja. Naye alizeeka akaanza kuchechemea. Mimi nilikuwa na miaka 14, Baba yuko zamu, nikachukua vidonge vya maumivu vya Mama nikamfichia ndani ya posho (ugali). Siku tatu. Siku ya nne akatapika kitu cheusi kama masimbi ya kahawa, na choo chake cheusi kama lami. Hakumaliza wiki. Baba hakunigombeza. Alichimba kaburi nyuma ya nyumba, akaniambia tu nishike taa. Mpaka leo nikiona vile vidonge duka la dawa namwona Tiger analamba mkono wangu nikimpa.

Mama (1:52)
Sikujua ni wewe. Miaka yote hiyo.

Achieng (1:52)
Baba alijua.

Brian (2:15)
Shikamoo Bibi. Shikamooni wajomba. Nimeamka sasa hivi nikakuta ujumbe mwingi.
Mama yangu anasema kweli, Mjomba Owori. Ibuprofeni na diklofenaki kwa mbwa zinachubua tumbo mpaka linavuja damu, na zinaua figo. Hiyo masimbi ya kahawa ni damu iliyokaa tumboni. Parasetamoli nayo inaharibu ini. Mbwa wana dawa zao za maumivu, kama kaprofeni na meloksikamu, na hata hizo daktari hampi mbwa mzee kabla ya kupima figo.

Mama (2:16)
Marahaba mjukuu wangu. Wewe uko mwaka wa ngapi vile wa udaktari wa mifugo?

Brian (2:16)
Wa nne, Bibi. Umebaki mmoja. Bibi naomba nikuulize: anakunywa maji kuliko zamani? Anapokojoa ndani, anatoa mengi au kidogokidogo mara nyingi? Na anajilamba huko chini?

Mama (2:24)
Kidogokidogo. Na anajilamba sana, nikafikiri ni viroboto.

Brian (2:26)
Basi huenda si uzee huo. Inawezekana ni maambukizi kwenye njia ya mkojo, na yana dawa.

Achieng (2:38)
Ndiyo ninachosema, Kaka Okoth. Sikukatalii sindano. Siku ikifika nitakuja mwenyewe nimshike kichwa. Lakini tumeshamhukumu na hakuna hata mmoja wetu aliyempeleka kwa daktari! Kila kitu tunakiita uzee. Akichechemea, uzee. Akikojoa, uzee. Harufu ya mdomo, uzee. Apimwe kwanza, ndipo tujue uzee ni upi na ugonjwa ni upi.

Okoth (2:45)
Sijamchukia Watasema, Achieng. Namwonea Mama huruma.

Achieng (2:47)
Najua, kaka.

Hajati jirani (3:30)
Assalaam alaykum. Mimi ni jirani tu, mliniweka humu wakati wa msiba wa Mzee na sijatoka. Naomba niseme. Huyo mbwa usiku anasimama mbele ya ukuta wangu anabweka, saa 8, saa 9. Hakuna mtu, hakuna paka. Nikimulika tochi namwona anatazama ukuta. Nikiamka Alfajiri sijapata usingizi.

Mama (3:33)
Nisamehe Hajati. Ungeniambia mapema.

Hajati jirani (3:36)
Niliona umefiwa, nikanyamaza. Wala sisemi auawe, hapana. Mbuzi wangu wako hai kwa sababu ya huyo mbwa. Na sisi tumefundishwa habari za mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Nauliza tu ana nini.

Brian (3:50)
Hajati, akili yake inachoka, kama wazee wetu wengine wanavyosahau. Mbwa mzee anaweza kugeuza mchana kuwa usiku, akapotea ndani ya uwanja wake mwenyewe, akakwama kwenye kona asijue kurudi nyuma. Huko hakuna dawa ya kuponya kabisa, ila inapunguzwa. Bibi umwachie taa ndogo usiku, usihamishe viti wala bakuli lake la maji, na jioni umtembeze kidogo ili achoke.

Brian (3:52)
Na watu husema mwaka mmoja wa mbwa ni 7 ya mtu, lakini si kweli. Mwaka wa kwanza anakua mbio sana, baadaye taratibu. Kuna watafiti wa Marekani walipima vinasaba vya mbwa wa Labrador, wakatoa hesabu yao mwaka 2020. Mbwa wa miaka 13 kama Watasema ukimpigia hesabu hiyo anapata kama 72.

Mama (3:54)
Mimi nina 71. Kumbe tuko rika moja.

Mama (4:05)
Ngoja niwaambie nyinyi mnaoishi mbali. Baba yenu alimleta mwaka 2012, mwaka aliostaafu polisi. Alimbeba ndani ya koti. Tulikuwa tunajenga hii nyumba, na watu walisema askari mstaafu hawezi kufikisha nyumba kwenye bati. Ndiyo akamwita Watasema. Kila akimwita kwa sauti barabarani, waliosema wanasikia. Baba yenu alipougua, mbwa huyu alilala mlangoni miezi 5, chakula nilikuwa nampelekea pale pale. Baada ya mazishi mlirudi makazini wote. Siwalaumu, kazi ni kazi. Nyumba ikawa kimya, usingizi ukakata. Akaingia chumbani, kitu ambacho baba yenu alimkataza tangu akiwa mdogo, akajilaza chini ya kitanda upande ule wa baba yenu. Namsikia anapumua. Ndipo nikaanza kulala.

Okoth (4:20)
Mama hukuwahi kutuambia.

Achieng (4:31)
Hapa Gulu nimewaona watu wa namna hiyo, kaka. Wapo waliopita kwenye vita vya waasi wa Kony, usiku hawalali, wanaota risasi. Kuna mradi unaowapa mbwa wa kukaa nao. Aliyeuanzisha ni Francis Okello Oloya, na yeye mwenyewe alipoteza macho kwa bomu akiwa mtoto. Wanafundishwa kumtunza mbwa, na mbwa anawarudisha kwa watu. Sasa Mama alijitibu mwenyewe bila mradi, na sisi tunataka kuja kumwondolea dawa yake kabla ya kujua kama imeisha.

Okoth (4:40)
Daktari ni pesa ngapi? Natuma kwa simu sasa hivi.

JUMATATU

Owori (10:05 jioni)
Tumerudi. Daktari wa mifugo ni dada mmoja mpole sana, alikaa chini sakafuni na Watasema badala ya kumpandisha mezani. Amemkuna, akamfungua mdomo, akambonyeza kiuno. Alipofika nyonga ya kulia Watasema akageuka haraka, lakini hakuuma, alishika tu mkono wa daktari na mdomo taratibu. Daktari akasema, "Nimekusikia, mzee."

Mkojo una maambukizi, kama Brian alivyosema. Antibayotiki siku 14. Damu imepelekwa Mbale kupima figo, mpaka hapo hakuna dawa ya maumivu. Meno mawili yameoza. Kucha zimekuwa ndefu mpaka zinamfanya ateleze, amezikata. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ilipita mwaka 2023, hilo ni kosa letu. Atachanjwa akimaliza dawa.

Mama (10:09)
Yale macho ya bluu je? Mimi nilifikiri anapofuka.

Owori (10:11)
Niliuliza. Ni lenzi ya jicho imekuwa ngumu kwa umri, ndiyo inaonekana kama moshi. Bado anaona, ila gizani kidogo. Mtoto wa jicho ni mweupe kama maziwa, na yeye hana.

Brian (10:30)
Bibi, ile sakafu. Mkitandika kitu kutoka anapolala mpaka mlangoni atainuka mwenyewe. Mbwa mwenye nyonga mbovu kwenye saruji iliyong'arishwa ni kama wewe uvae soksi utembee kwenye sabuni.

Hajati jirani (10:41)
Nina mikeka miwili ya zamani, imechakaa pembeni tu. Kesho mtoto ataileta. Isirudi kwangu, iwe yake.

Mama (10:42)
Mungu akulipe Hajati.

ALHAMISI

Mama (12:50 asubuhi)
Amesimama mwenyewe! Ameshika mkeka na kucha, akatetemeka kidogo, akasimama. Ametoka mpaka mwembeni akakojoa huko. Nimepiga vigelegele peke yangu.

Achieng (12:51)
Nimelia hapa wodini. Wagonjwa wananiuliza kuna nini.

Okoth (1:15)
Anakula?

Mama (1:22)
Anakula. Posho laini na mukene (dagaa). Mukene naosha maji matatu kutoa mchanga, nachemsha bila chumvi, bila kitunguu, Brian alinikataza kitunguu. Namgawia mara mbili, asubuhi na jioni. Mifupa iliyopikwa sitoi tena, inavunjika vipande vikali. Anakula upande mmoja wa mdomo kwa ajili ya meno.

JUMANNE

Owori (9:20 mchana)
Majibu ya damu: figo ziko sawa kwa umri wake. Ameanzishiwa dawa ya maumivu ya mbwa, anapewa akiwa ameshiba. Akitapika au choo kikiwa cheusi tunaacha siku hiyo hiyo na kumpigia daktari simu. Mama nimekuandikia kwenye karatasi, iko juu ya friji.

Okoth (2:40 usiku)
Brian, nikuulize kama mwanaume kwa mwanaume. Hii itaenda mpaka lini? Tutajuaje kwamba sasa imetosha? Sitaki tumtese kwa sababu sisi hatuwezi kumwachia.

Brian (3:05)
Ni swali zuri, Mjomba. Kuna daktari wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo. Mambo 7, kila moja unalipa alama kutoka 0 mpaka 10, na 10 ndiyo nzuri kabisa: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Jumla ikizidi 35, maisha yake bado yanabebeka. Ikishuka na kukaa chini, tunaongea na daktari habari ya sindano, na tunaongea mapema, tusingoje mpaka alie.

Brian (3:07)
Lakini Bibi asisumbuke na hesabu. Achukue kalenda ya ukutani. Siku nzuri aandike N, mbaya aandike M. Kila Jumapili atupigie picha.

Mama (3:15)
Nimeshaanza. Leo N.

Achieng (3:16)
Siku za M zikizidi, nakuja. Nimeshasema. Hatakuwa peke yake na mgeni.

Okoth (3:18)
Na mimi.

JUMAPILI, WIKI TATU BAADAYE

Mama (11:02 jioni)
[picha: kalenda]
N 17, M 4. Zile M mbili ni za mvua, nyonga inamsumbua kukiwa na baridi. Hajati anasema anasikia kubweka mara moja tu kwa usiku sasa, na taa nimeiacha.

Hajati jirani (11:06)
Kweli. Juzi alibweka nikasema ni yale yale, kumbe kulikuwa na mtu kwenye zizi langu. Amekimbia akaacha ndala.

Owori (11:07)
Watasema!

Okoth (11:30)
Mama, nakuja Ijumaa, si Krismasi. Yule jamaa wa Ntinda nimemwambia mtoto wa mbwa ampe mtu mwingine kwa sasa. Nina godoro la mtoto ambalo halitumiki, nitalikata limtoshe.

Mama (11:34)
Ukiingia usimrukie kutoka nyuma, hasikii vizuri. Pitia mbele, mpe mkono anuse kwanza. Atakukumbuka.

Mama (11:35)
Na upite Busia uninunulie mukene wa Majanji. Huu wa hapa mchanga umezidi.