Naomba ushauri: piza ya jiko la mkaa inaungua chini, juu bado mbichi

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Mtwara mjini, nataka kuanza kuuza piza ya pweza jioni hapa Shangani. Pweza tunaye, tena mzuri; nachemsha kwanza hadi alainike. Shida ni moto.

Natumia jiko la kuchomea nyama, juu yake nimeweka jiwe bapa la kuokea. Jiwe nalipasha taratibu, maana likipata joto la ghafla hupasuka. Lakini piza ikikaa tu, chini inakuwa nyeusi huku jibini haijayeyuka na nyanya zinachuruzika maji. Nikipunguza mkaa, chini inatoka rangi safi ila inakauka, hailiki.

Najua tanuri la piza la Napoli, kule Italia, linafika nyuzi 430 za Selsiasi na zaidi, piza inaiva ndani ya sekunde 60 hadi 90, na kuba lake linarudisha joto juu ya piza. Mimi joto lote linatoka chini. Nawaza kufunika na kupalia makaa juu, kama mkate wa kumimina. Je, mfuniko wa bati unatosha au nitafute chungu kipana? Mkaa wa chini niusogeze pembeni, au niinue jiwe kwa vipande vya tofali?

Kuna jirani ananishauri niokote jiwe ufukweni. Naogopa, mawe yenye unyevu ndani hulipuka motoni, na watoto huzunguka jikoni. Aliyewahi kufanya kazi hii kwa mkaa anielekeze tafadhali, hasa suala la mfuniko.