Mbolea ya kuku imeniunguzia mnafu, nimekosea wapi?

Bustani ya Uani (Sakina, Arusha)
Wadau, habari za jioni. Nafuga kuku wa nyama 60 na mbuzi wawili hapa uani. Juzi nilipouza kuku nikasafisha banda, vikatoka viroba saba vya mbolea na maranda yake. Nikaona nisigawe bure, nikamwaga vyote kwenye matuta ya mnafu siku hiyo hiyo na kumwagilia. Siku ya nne majani yamekauka pembeni, kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni. Ukifukua kwenye shina inatoka harufu ya kuchoma macho. Ajabu, kwenye kona niliyotupia ya mbuzi mnafu umenawiri tu! Mume wangu anasema niongeze maji, mama mkwe anasema ni kijicho cha jirani. Nisaidieni, mwenzenu ndiyo mboga ya nyumbani hiyo.

Mzee wa Kihamba (Kibosho, Moshi)
Pole sana mama. Hiyo harufu ndiyo jibu lako, ni amonia, ile gesi kali ya mkojo. Kuku hana mkojo wa peke yake, ule weupe unaouona juu ya kinyesi ndio mkojo wenyewe, kwa hiyo mbolea yake ni kali kuliko ya ng'ombe au mbuzi. Jirani hana kosa. Mume naye kapatia nusu: maji mengi yatashusha chumvi ya mbolea chini ya mizizi, lakini kwanza itoe hiyo mbolea. Tumia mikono, usitumie jembe, mizizi ya mnafu iko juu juu.

Ukishaitoa, irundike ifike kiunoni. Siku ya tatu chomeka panga katikati, liache robo saa, chomoa ushike bapa. Likiwa la moto, rundo linafanya kazi. Likianza kupoa, geuza, ya nje iingie ndani. Siku utakayogeuza lisipate moto tena na usisikie harufu, liache litulie wiki chache, hapo imeiva. Huku kwetu samadi hailetwi kwenye mgomba ikiwa mbichi, na mgomba si laini kama mnafu.

Bustani ya Uani
Shikamoo baba, asante. Nimeshatoa ndoo nne. Na haya maranda? Nasikia yananyonya rutuba.

Mbogamboga Tengeru
Dada, ukiyachanganya na udongo yakiwa mabichi, ndiyo. Vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua naitrojeni ya udongoni, yaani chakula cha majani, mboga inabaki njano. Kwenye rundo yanafaa, kwa sababu mbolea ya kuku imezidi naitrojeni. Ongeza mabua yaliyokatwakatwa na majani makavu, nyunyiza maji mpaka ukikamua ngumini litoke tone moja au mawili. Funika na turubai, mvua za masika zisije zikakuoshea kila kitu. Mimi huacha miezi mitatu.

Halafu mnafu unapikwa, hiyo ni nafuu yako. Vya kachumbari, kama nyanya na giligilani, usiviwekee mbolea mbichi. Ukiiweka, kaa miezi minne ndipo uvune, kinyesi kibichi kina vimelea vya kuharisha.

Chalii wa Njiro
Mnajitesa. Mimi natoa ya sungura bandani, naweka kwenye sukuma wiki hapo hapo. Mwaka wa pili huu sijaunguza hata jani.

Mzee wa Kihamba
Ya sungura sikatai kijana wangu, haichomi. Ya mbuzi nayo ni vidonge vikavu, inaachia taratibu, ndiyo maana ile kona ya mama imepona. Ila mbuzi anakula mbegu za magugu na kukurudishia bustanini, hilo atakuja kuliona.

Bustani ya Uani
Mrejesho, leo siku ya tatu. Mnafu wa katikati umekufa, wa pembeni unatoa majani mapya. Panga nimelichomoa la moto mpaka nikaliachia likaangukia karai. Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mchele. Kaniuliza ni mganga gani kanituma kuchomeka panga kwenye mavi.