Naomba ushauri: mnara wa Azania Front unakaribia kuzibwa

Wakuu, habari za leo. Nina mgahawa mdogo ghorofa ya tatu, maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Wateja wanapanda ngazi zote hizo (lifti ilishakufa zamani) kwa sababu ya dirisha moja tu: unakaa na chai yako ya tangawizi, unautazama mnara wa Kanisa la Azania Front na vigae vyake vyekundu. Sasa nyumba ya mbele imeuzwa, mabati yameshazungushwa, na fundi mmoja kaninong'oneza: ghorofa kumi na mbili.

Wenzetu wa nje wanalinda vitu hivi: BBC ilipouza Television Centre, jengo lake la studio kule London, mwaka 2012, sehemu za jengo zilishalindwa kisheria tangu 2009. Na mandhari ya Kanisa la St Paul's, huko huko London, inalindwa tangu miaka ya 1930, hujengi ghorofa hovyo mbele yake.

Kwetu kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na ya Mipango Miji ya 2007. Je, zinalinda jengo tu, au hata kuonekana kwake? Nianzie serikali ya mtaa, jiji au kwa wakili? Mwenye nyumba anasema nitulie, ila kodi hajapunguza hata shilingi.