Mrejesho: klachi ya Subaru WRX, injini nimeitoa nyumbani

Wakuu, niliuliza kama nitoe injini au nishushe giaboksi ili nibadilishe klachi ya Impreza WRX hapa nyumbani. Asanteni sana, gari linatembea.

Nilimfuata aliyesema toa injini, giaboksi ibaki mahali pake ikiwa imeegemezwa kwenye jeki. Bora kukodi krini ya kunyanyulia injini kuliko kulala chini ya gari na giaboksi kifuani. (Uliyependekeza kuning'iniza cheni bloku, ile winchi ya kunyanyulia kwa cheni, kwenye mwembe, mkuu, mwembe wangu bado mdogo.) Kompresa ya AC niliilaza pembeni na mipira yake, gesi haikupotea.

Injini iligoma kabisa kuachana na giaboksi, na hapo ushauri wenu wa kuchomoa pini ya klachi ndio ulioniokoa. Klachi ya WRX hizi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zenye gia 5, ni ya kuvuta, yaani beringi huivuta presha pleti (sahani inayobana diski ya klachi) badala ya kuisukuma. Kwa hiyo beringi imenasa kwenye presha pleti. Ubavuni mwa giaboksi kuna kizibo cha alenkii namba 10. Kitoe, ingiza bolti ya mm 6, ikamate pini ya uma wa klachi (mkono unaosogeza beringi), vuta. Injini ikaja yenyewe.

Diski, presha na beringi ni mpya, flaiwili (gurudumu zito la injini linaloshikana na klachi) imechongwa. Kile kibamba cha plastiki cha kuzuia oili nyuma ya injini nimeweka cha chuma, oili haivuji tena.

Kilichobaki: asubuhi kukiwa na baridi, nikipiga rivasi gari linatetemeka. Likishapata moto linaacha. Injini siitoi tena kwa hilo.