Filamu za mapigano na za majambazi: ipi ilikukaa hadi leo? Tupeane uzoefu

Baba_Kahawa_West: Wasee, jana nilimpeleka kijana wangu wa kidato cha pili kuona filamu mpya ya kupigana. Nilihesabu maiti hadi 40 nikaacha. Tukiwa kwa matatu nikamuuliza ni yupi kati ya wale waliokufa alimhurumia. Akawaza hadi tukapita Roysambu, hakumpata hata mmoja. Enzi Odeon ikiwa bado sinema, mtu mmoja akipigwa risasi tulibishana juu yake kutoka Latema hadi steji. Semeni, ipi ilikukaa, na kwa nini?

Buru_Fezi_3: John Wick. Zote nne.

Boda_wa_Roysambu: Rebel Ridge ya 2024. Jamaa yuko kwa baiskeli, polisi wanamwangusha, wanamkuta na pesa za kumtolea binamu yake dhamana, wanazibeba hivi hivi na sheria iko upande wao. Niliisimamisha hapo nikatoka nje kupunga hewa. Mimi nilichukuliwa pesa za karo na watu wa aina hiyo, barabarani, mchana, zikiwa zimefungwa kwa karatasi ya shule. Kilichonishika ni kwamba jamaa anajizuia kuua hadi mwisho. Hasira yake naijua ladha yake.

Buru_Fezi_3: Hiyo ni polepole mno, nililala.

Boda_wa_Roysambu: Ulilala kwa sababu hujawahi kunyang'anywa.

Mama_Mboga_Zimma: Nimesoma John Wick hapo juu na mkono umeanza kutetemeka, wacha niseme.

2023 niliona ile ya nne mjini, ya usiku. Ni dakika 169, na kabla yake matangazo. Kutoka nje ilikuwa saa sita imepita, magari ya kwetu yamebaki yale ya kungoja yajae. Nikakata kichochoro cha kutoka Moi Avenue kwenda Tom Mboya, moyo bado unadunda na ile filamu, naona kabisa hakuna wa kunigusa usiku huo. Sikusikia hatua. Mkono ulipita chini ya kidevu ukabana. Ngeta. Mkono wa koti ulikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweupe, kilinifika puani, kinanuka mafuta taa. Nilihesabu mishono minne, kisha macho yakaingia giza.

Nilizinduka nimeegemea ukuta, kiatu kimoja, simu hakuna, pochi hakuna. Mlinzi wa duka moja alinipa maji na mia ya nauli, Mungu ambariki popote alipo. Lakini sikiliza kilichoniuma zaidi. Sauti ilipotea siku 11. Kumeza uji ni kama kumeza kokoto. Mteja akiuliza sukuma ni ngapi, naonyesha vidole. Na kwenye ile filamu steringi anaangushwa ngazi za Sacré-Cœur kule Paris, ngazi zaidi ya 200, anafika chini, anainuka, anapanda tena! Ukumbi mzima tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Siku hizi nikiona mtu amekabwa shingo na baada ya dakika moja anaongea vizuri, nazima TV.

Mrembo_wa_Ngara: Pole sana mama. Nimesoma nikishika shingo.

Kamau_Fundi: Pole, lakini kichochoro saa sita za usiku? Hapo ulijipeleka mwenyewe.

Mrembo_wa_Ngara: Kamau, mama anakwambia alikabwa, wewe unamhukumu kwa njia aliyopita? Aliyekaba umemsahau?

Kamau_Fundi: Nina mabinti wawili mjini. Nawaambia hivyo hivyo kila siku, na sitaacha.

Boda_wa_Roysambu: Mko sawa wote. Mama, hiyo mishono minne imenitoa machozi.

Baba_Kahawa_West: Mama Zimma, umenijibu swali langu. Kijana hakumkumbuka yeyote kwa sababu hakuna aliyeumia. Tazama The Equalizer 3: Denzel anapigwa risasi mapema tu, na baadaye anatembea na mkongojo kwenye mji mdogo wa Italia, anaagiza chai, anashika ukuta. Nilihesabu hatua zake. Akija kupigana, naogopa kwa niaba yake.

Mzee_wa_Pumwani: Hata sauti. Heat ya 1995, ile vita ya barabarani Los Angeles baada ya benki: Michael Mann aliacha milio iliyorekodiwa palepale, risasi zikigonga majumba na kurudi. Nilikuwa mjini 1982, siku ya jaribio la mapinduzi. Mlio huo ndio huo. Za sasa zinalia kama ngoma.

Dj_Kibandaski: Mimi bila DJ Afro kutafsiri sitazami. Kibandani watu 60, benchi za mbao, kumi bob, na kila mtu anaelewa.

Mzee_wa_Pumwani: Kijana, huyo DJ Afro wako anaongea juu ya filamu, anajaza pale penye kimya. Filamu ya jambazi inaishi kwenye kimya.

Dj_Kibandaski: Mzee, mamangu hasomi Kiingereza cha pale chini. Kimya chako kingemfaa nini?

Mzee_wa_Pumwani: Hapo umenishinda. Msalimie mama.

Mrembo_wa_Ngara: Na Nairobi Half Life ya 2012 mmeisahau? Mwas anashuka mjini siku ya kwanza anaporwa kila kitu. Mama, ile imekuhusu.

Mama_Mboga_Zimma: Niliiona kabla ya yangu. Sijaweza kuirudia.

Kamau_Fundi: Shauri langu: nenda ya saa nane mchana, utoke jua likiwa juu.

Buru_Fezi_3: Au usiende, ngoja ije kwa simu.

Mjukuu_wa_Shosho: Beba leso, baridi ya mle ndani itakumaliza kabla ya jambazi.

Boda_wa_Roysambu: Mama, ukiamua kwenda tena, hata iwe usiku, andika hapa. Nitakungoja mlangoni na kofia ya pili.

Mama_Mboga_Zimma: Asante mwanangu. Jumamosi, ya saa nane. Nitavaa raba, na nimefunga kamba mara mbili.