Mashine ya kukatia nyasi inavunja vinyunyizio vya maji

Mkazi wa Uyole, Mbeya:
Ndugu zangu, jana kisu cha mashine ya kukatia nyasi kilivunja kichwa cha kinyunyizio, cha tatu tangu mvua ziishe, na vipande vya plastiki vikaruka hadi barazani alipokuwa ameketi mama. Nifanyeje?

Fundi bomba, Iringa:
Pole sana ndugu; natumaini mama hakuumia. Kinyunyizio cha kuchomoza hurudi chini kwa nguvu ya springi maji yakifungwa, lakini mchanga ukinasa kwenye shina lake hubaki kimesimama, na hapo ndipo kisu hukikuta. Fungua maji kabla ya kukata uone vilipo, kisha funga uhakikishe kila kimoja kimezama. Mvua pia huosha udongo wa mteremko na kukiacha kichwa wazi. Chimbua pembeni, kishushe kiwe sawa na ardhi, ushindilie.

Mtunza bustani, Mafinga:
Okota mawe kwanza, watoto wawe mbali, nawe uvae buti na miwani. Tafadhali usiingize mkono chini ya mashine kabla ya kuizima na kuchomoa waya wa plagi.

Mkazi wa Uyole:
Mama ni mzima, ahsanteni. Nimefungua maji asubuhi hii: viwili vimegoma kurudi, na shingoni vimejaa mchanga mweusi.