Modemu ya 56k: ya ndani au ya nje? Mfukoni nina 50,000

KijanaTabata: Wakuu, habari za jioni. Modemu yangu ya 28.8, hiki kifaa cha kuingiza kompyuta intaneti kwa laini ya simu, imenichosha, ukurasa wenye picha mbili unafunguka mpaka chai inapoa. Kariakoo nimeoneshwa mbili za 56k (biti 56,000 kwa sekunde): ya ndani ya PCI, yaani kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta, haina jina, sh. 25,000, na ya nje ya US Robotics, mtumba, sh. 50,000 bila adapta. Jumamosi nanunua. Nichukue ipi?

MzeeWaLaini: Kompyuta yako ni ipi? Prosesa, ule ubongo wake? Windows au Linux? Tutabashiri?

FundiSinza: Ya nje, funga mjadala. Hizo za ndani za bei chee kazi yote zinamtwika prosesa. Kwenye Pentium ya 133 hata kipanya kinagoma kutembea. Na Linux usahau.

DadaPosta: Fundi na za nje zake! Yangu ya ndani iko kwenye Pentium III, mwaka wa pili huu, haijanisumbua.

KijanaTabata: Ni Compaq, kanipa mjomba.

MzeeWaLaini: Compaq ni kampuni, mdogo wangu. Nimeuliza prosesa.

BabaMbezi: Kabla hujatoa hela nisikilize. Nilinunua 56k mpya kabisa, ikawa inaunganisha 26,400 tu, tena mvua ikinyesha inakata. Duka likasema tatizo ni laini, wa laini wakasema tatizo ni modemu. Nikazungushwa wee, mpaka kijana mmoja fundi akafungua kile kisanduku cha ukutani: nyaya zimeota kutu ya kijani, na hapo hapo mtu kaunga waya wa pili kwenda chumba cha bibi kwa selotepu. Akakata, akaunga upya, ikapanda hadi 44,000. Modemu ile ile! Na bibi akinyanyua simu yake bado intaneti inanikatikia.

MzeeWaLaini: Baba umenena. Hiyo 56 yenyewe ni ya kushusha vitu kutoka mtandaoni tu, na mpaka mtoa huduma awe ameunganishwa kidijitali na mitambo ya simu. Kupandisha, V.90, ndicho kiwango cha pamoja cha modemu za 56k, inaishia 33.6. Laini ikiwa mbovu, zote mbili zitakupa kasi ya konokono.

MbagalaOriginal: Mnalalamika nini? Yangu inaandika 115,200 pale kwenye kona ya skrini.

FundiSinza: Hahaha! Hiyo ni kasi ya kompyuta kuongea na modemu, siyo ya laini.

MbagalaOriginal: Wivu tu.

FundiSinza: Haya, shusha faili la mega moja utupe dakika.

DadaPosta: Kijana, mtumba uuangalie vizuri. Isije ikawa ya x2 tupu, ule mfumo wa US Robotics wenyewe wa kabla ya V.90 ya 1998. Na adapta usichomeke ya redio, US Robotics nyingi zinataka umeme wa AC, siyo wa DC kama redio.

BabaMbezi: Na masika haya, radi ikianza chomoa na waya wa simu, siyo wa umeme peke yake.

KijanaTabata: Asanteni. Sasa adapta ya AC naipata wapi, na itanigharimu ngapi? Maana 50,000 ndiyo yote.

MzeeWaLaini: Prosesa, kijana.

DadaPosta: Hiyo 28.8 unaiuza? Shemeji yangu anatafuta ya barua pepe tu.

MbagalaOriginal: Dakika 4 kasoro. Fundi, hiyo ni ngapi?